Mtumbwi wa faiba na epoksi: juu upake rangi ya mafuta, 2K, vanishi au jelikoti?

Watu wanaotengeneza mitumbwi na boti ndogo huku kwetu Arusha na Moshi, iwe kayaki ya ziwa Duluti, mtumbwi wa watalii wa maziwa ya Momella au boti ya kuvulia bwawa la Nyumba ya Mungu, karibu wote wanakwama sehemu moja. Plaiwudi imeshaungwa, faiba imevikwa, epoksi imekauka na inang'aa vizuri tu, sasa juu wapake nini? Fundi rangi wa magari anakwambia 2K, ile rangi ya magari ya kuchanganya na hadina (dawa ya kukausha), seremala anakwambia vanishi, wa dukani anakutolea kopo la rangi ya mafuta, na yule aliyewahi kufanya kazi ya boti huko Tanga au Dar anasema boti ya faiba ni jelikoti, lile tabaka nene la rangi ya poliesta, basi. Wote wana hoja, ila kila mmoja anaongelea kazi anayoijua yeye, na boti yako inaweza isiwe hiyo.

Naziweka zote nne hapa kwa vigezo vilevile ili uchague mwenyewe. Kwanza nieleze kwanini kupaka sio urembo tu, maana wapo wengi wanaona epoksi inang'aa wanasema imetosha.

Epoksi maji inayaweza, tena sana. Jua ndo haiwezi. Mionzi ya UV inaivunja taratibu: inaanza kuwa ya njano, mng'ao unaisha, baadaye ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe, ukiendelea kuiacha nyuzi za faiba zinaanza kuonekana na maji yanapata njia ya kuingia kwenye mbao. Na sisi tupo kama nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na UV inaongezeka takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Kwahiyo ule ubaridi wa Arusha usikudanganye, mtumbwi uliolala nje Tengeru unaungua hata siku ambayo wewe umevaa sweta. Kazi ya kwanza ya chochote utakachopaka ni kuzuia jua lisiifikie epoksi, mengine yote yanafuata.

Kitu kingine cha kuhakikisha kabla hujaenda mbali: je, ulichotumia ni epoksi kweli? Mafundi faiba wengi wa mjini, hawa wanaotengeneza bampa na paa za magari ya safari, wanatumia rezini ya poliesta, ile yenye harufu kali inayopanda kichwani na unaweka katalisti (dawa yake ya kukausha) kidogo tu, matone matone. Epoksi haina harufu ile, na hadina yake inaingia kwa kipimo kikubwa, mfano moja kwa mbili au moja kwa tano kulingana na kampuni, na kipimo hicho hakipunguzwi wala hakiongezwi ili ikauke haraka. Kama boti umenunua na hujui ilijengwaje, muulize aliyeijenga, kwasababu jibu la swali la jelikoti linabadilika kabisa kutegemea na hilo.

Vigezo

Ni sita. Inazuia jua kiasi gani na kwa muda gani. Inashikaje kwenye epoksi. Inavumiliaje maji, hasa kama boti inalala majini. Inamfanyaje anayepaka, mapafu yake na ngozi. Inapatikanaje Arusha na Moshi na inakula hela kiasi gani. Na cha mwisho ambacho mimi nakiona ndo kizito kuliko vyote, ikichubuka nani ataitengeneza na kwa vifaa gani. Boti inachubuka, hilo halina mjadala, inaburuzwa kwenye mchanga, inagongwa na kasia, inapakiwa kwenye pikapu. Ukichagua rangi ambayo huwezi kuirudia mwenyewe, mwaka wa pili utaiacha hivyo hivyo na jua litapata pa kuingilia.

Maandalizi, ambayo ni yaleyale kwa zote nne

Hapa nakaa kidogo, maana rangi nyingi zinazobanduka kwenye epoksi shida yake haikuwa rangi, ni sehemu iliyopakwa.

Epoksi ikikauka, hasa kwenye baridi na unyevu, inatoa utando fulani juu yake, kama nta hivi, unateleza ukipitisha kiganja. Mwezi wa sita na wa saba Arusha, asubuhi za ukungu, epoksi inautoa sana kuliko Moshi ambako kuna joto. Utando huu haushiki rangi ya aina yoyote. Watu wengi wanakimbilia msasa moja kwa moja na hapo ndo wanaharibu, kwasababu msasa unauponda na kuusukumia kwenye mikwaruzo, na utaujua tu, msasa unajaa vidonge vidonge vya kunata dakika mbili tu umeshakufa. Tina nayo haiutoi vizuri. Kinachoutoa ni maji safi na ile sponji ya kijani ya kuoshea vyombo, unasugua, unafuta na kitambaa safi au tishu kabla hayajakauka, unabadilisha maji. Ukimaliza mwagia maji safi uangalie yanavyotembea: yakitandaa sawasawa pako safi, yakijikusanya matone matone rudia kuosha.

Halafu ipe muda. Epoksi inakuwa ngumu kwa mguso ndani ya siku moja ila haijamaliza kazi yake ndani. Wiki moja kwenye joto la Moshi ni sawa, Arusha kipindi cha baridi mimi nasema wiki mbili, na kama una rangi ya mafuta mkononi usipunguze hata siku moja, nitaeleza kwanini.

Msasa sasa. Anza na namba 80 kwenye matuta, shuka 120, kisha 180 au 220 kabla ya praima. Lengo ni uso wote uwe na ukungu, usiwe na sehemu hata moja inayong'aa, kwasababu penye kung'aa rangi inakaa juu tu bila kushika. Ukianza kuona vifumo vya kitambaa cha faiba simama, umeshafika kwenye nguvu ya boti, ongeza epoksi hapo badala ya kuendelea kula. Vaa barakoa nzuri ya vumbi, na nguo za mikono mirefu, vumbi la epoksi ambayo haijaiva vizuri linaleta mzio wa ngozi ambao ukishaupata huo unabaki nao.

Mabonde usizibe na puti ya magari chini ya mstari wa maji. Ile puti ni poliesta yenye unga mwingi ndani na inafyonza maji, kwenye mlango wa Noah haina shida, kwenye tumbo la boti itavimba. Chukua epoksi ileile uliyojengea, changanya na unga laini wa mbao uliochekechwa au poda nyepesi ya kujazia kama umeipata, ikolee mpaka isitiririke ukiiweka kwenye ukuta uliosimama.

Rangi ya mafuta ya kopo moja

Hii ndo ile gloss ya madirisha na mageti, ipo kila duka la hadwea kuanzia soko la Kilombero Arusha mpaka Mbuyuni Moshi. Kwenye jua inafanya kazi yake kwa maana kwamba rangi iliyokolea haipitishi mwanga, epoksi chini inapona, ila yenyewe inapauka mapema na kuanza kutoa unga, hasa nyekundu na bluu. Ni kitu cha kurudia kila baada ya msimu mmoja au miwili.

Kushika ndo kuna jambo la kujua. Rangi hizi zinakauka kwa msaada wa kemikali fulani zinazofanya kazi na hewa, na epoksi ambayo haijaiva inatoa amini (kemikali za hadina yake) zinazoziua kemikali hizo. Matokeo yake unapaka Jumamosi, Jumamosi nyingine bado inanata, na hakuna jua litakaloikausha, inabidi uikwangue yote. Dawa ni kuosha, kusubiri zile wiki mbili, na ikiwezekana kuweka praima katikati. Na kabla hujapaka boti nzima paka kipande cha kiganja kimoja sehemu ya ndani isiyoonekana, kikikauka ndani ya siku moja au mbili endelea.

Maji ya kawaida inayavumilia kama boti inatolewa nchi kavu kila siku. Ikilala majini inalainika na kufanya malengelenge. Halafu maji ya magadi hayaelewani nayo kabisa, mafuta yaliyomo kwenye rangi hii yanashambuliwa na magadi, kwahiyo kwa mtumbwi wa Momella usiifikirie isipokuwa una mtu wa kuusuuza kwa maji baridi kila jioni.

Kwa anayepaka ni salama kuliko zote za hapa, harufu ya tina tu, paka sehemu yenye hewa. Bei ni ya chini kabisa kati ya hizi. Kuitengeneza ni rahisi kuliko zote: msasa namba 220, brashi, nusu saa umemaliza, hata kijana wa mwaloni anaweza bila kumwita mtu.

Inamfaa nani? Mwenye boti ya kazi inayoburuzwa kila siku na asiye na muda wa kuipeleka kwa fundi.

2K ya magari

Arusha hapa tuna bahati kubwa ambayo watu wa ziwani hawana. Mji umejaa gereji za magari ya safari, kwahiyo maduka ya rangi za magari yapo mengi, rangi wanachanganya kwa namba yake (code), hadina ipo, tina yake ipo, praima ya epoksi ipo, misasa ya maji mpaka namba 2000 ipo. Moshi pia unapata ingawa chaguo ni dogo kidogo. Kwa upande wa upatikanaji hakuna inayoishinda ukiangalia ubora unaoupata.

Kwenye jua ndo bora kati ya hizi nne kwa upande wa rangi iliyokolea. Ni poliurethani inayofungwa na hadina, mng'ao unakaa miaka. Kushika ni vizuri sana juu ya epoksi iliyooshwa na kupigwa msasa, na ukiweka praima ya epoksi katikati halafu ukaisugua na namba 320 ndo inakuwa kitu kimoja. Shida ya kutokukauka kama ile ya rangi ya mafuta hapa ni ndogo, kwasababu inajikausha yenyewe kwa hadina yake. Chukua rangi moja kwa moja, ile isiyohitaji kliya (tabaka la kung'arisha lisilo na rangi) juu. Metaliki inavutia lakini ukija kuziba mkwaruzo utaona kiraka chake kutoka ng'ambo ya ziwa.

Maji hapa watu wanashangaa. Kwa sababu ni ngumu wanadhani inaweza kukaa majini miezi. Hapana, rangi hizi zimetengenezwa kunyeshewa na kukauka, zikikaa ndani ya maji mfululizo unyevu unapenya na malengelenge yanatokea. Kwa boti inayotolewa kila jioni haina neno. Kwa inayolala majini ishia na 2K juu ya mstari wa maji, chini acha praima ya epoksi kanzu (tabaka) kadhaa, kule chini jua haliisumbui sana kama huku juu.

Sasa afya, na hapa naomba usome polepole. Hadina ya 2K ina isosayaneti. Ukiipuliza na kompresa inakuwa ukungu mdogo sana unaoingia mapafuni, na inaweza kukuletea pumu ambayo haiondoki, mtu akishapata mzio wake hata kiasi kidogo kinamrudishia kubanwa kifua. Harufu yake haikuonyi, unaweza usisikie kitu na bado unavuta. Kile kitambaa cha kufunga puani hakisaidii kitu, barakoa za kitambaa hazisaidii, na hata barakoa zenye vichujio mafundi wa nchi nyingine hawaziamini kwa kupulizia hii, wanatumia zile zinazoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Vijana wetu wengi gerejini wanapulizia na tisheti imefungwa usoni, na inaniuma kila nikiona, kwasababu ni watu wa miaka ishirini na kitu. Kama unampa fundi kazi, msaidie apate vifaa, hesabu kwenye bei.

Na habari njema ni kwamba boti ndogo huhitaji kupuliza. Unaviringisha na rola ya sponji laini kwa mapana ya kama nusu mita, halafu palepale unapitisha brashi laini iliyo kavu kwa wepesi, ncha tu, kutoka juu kwenda chini, kufuta vile viputo vya rola. Rangi inajitandaza yenyewe ikawa laini. Ukungu wa kuvuta unakuwa mdogo sana ukilinganisha na kupuliza, ila barakoa ya vichujio vya kemikali, glavu na miwani bado unavaa, na unafanyia nje penye hewa. Tina tumia ya 2K yenyewe, ile tina ya kawaida ya dukani inaweza kuwa na alkoholi inayokula hadina, rangi inabaki laini haikazi. Changanya kidogo kidogo, ikishachanganywa ina saa chache tu. Usipake jioni ukaikuta na umande, unyevu unaua mng'ao usiku uleule.

Kuitengeneza inahitaji utaratibu kidogo, kununua hadina tena, kupima, kusugua. Inawezekana, ila sio kitu utafanya ukiwa ziwani. Gharama ni juu kuliko rangi ya mafuta, na ukihesabu praima na hadina inapanda tena, lakini unapaka mara moja wakati mwenzako anarudia.

Inamfaa mwenye boti ya abiria au ya watalii ambayo sura yake ni sehemu ya biashara, na mwenye kayaki yake binafsi anayetaka akipaka amepaka.

Vanishi

Hii ni ya mtu ambaye mbao yake ni nzuri na anataka ionekane. Kama chini ya faiba una mninga au plaiwudi yenye uso safi, naelewa kabisa kwanini hutaki kuifunika na rangi.

Lakini jua ndo mtihani wake. Vanishi inapitisha mwanga, ndo maana unaiona mbao, kwahiyo kinga yote inategemea kemikali za kunyonya UV zilizochanganywa ndani, na hizo zinaisha. Ndo maana unahitaji kanzu tano au sita za mwanzo, na kila mwaka unasugua kidogo na kuongeza moja au mbili. Ukiruka, epoksi chini inaanza kuwa na ukungu na njano, na ikifika hapo hakuna kuongeza kanzu juu, unakwangua mpaka kwenye faiba na kuanza upya. Kwa mtumbwi unaolala chini ya turubai au bandani hesabu hiyo inakuwa nyepesi sana. Kwa unaolala nje Moshi kwenye jua la mchana kutwa, ni kazi ya kudumu.

Kushika inashika sawa kwenye epoksi iliyooshwa na kuiva, na kwa kuwa nyingi zinakauka kwa mfumo uleule wa rangi ya mafuta, lile onyo la kipande cha majaribio linahusika hapa pia. Maji inayavumilia kwa boti inayotolewa, sio inayolala. Afya, kama ile ya rangi ya mafuta, tina na hewa ya kutosha.

Upatikanaji ndo panahitaji macho. Nyingi madukani ni za fanicha za ndani. Zile sanding sila na kliya za NC (nitroselulosi) ambazo maseremala wetu wanapulizia makabati na vitanda hazifai kabisa nje, zinapasuka na hazina kinga ya jua. Soma kopo, liwe limeandikwa la kazi za nje na kinga ya UV, na ukikuta la boti kabisa, mara nyingi kwa kuagiza Dar, hilo ndo lenyewe. Njia nyingine ni kliya ya 2K ya magari, ina kinga ya UV na inadumu kuliko vanishi ya kawaida, ila unarudi kwenye habari ya isosayaneti na ugumu wa kuirekebisha.

Kurekebisha vanishi ya kawaida ni rahisi na inapendeza, mkwaruzo unausugua, unapitisha brashi, unapotea. Inamfaa mtu anayependa kuishika boti yake na ana pa kuilaza kivulini.

Jelikoti

Hii inaelewekaga vibaya. Jelikoti ni nzuri sana kwenye makazi yake, na makazi yake ni boti ya poliesta iliyotolewa kwenye moldi (kalibu). Pale inapakwa kwanza ndani ya moldi, faiba inafuata juu yake, boti ikitoka imeshang'aa. Jua inalivumilia, ikichakaa baada ya miaka unaisugua na kuipolishi inarudi, ni nene kwahiyo mikwaruzo midogo haifiki chini, na maji inayazoea hata boti ikilala humo. Kwa vigezo vya jua, maji na kukarabatiwa inasimama vizuri tu.

Tatizo ni kushika kwenye epoksi. Jelikoti yenyewe ni poliesta, na epoksi juu ya poliesta inashika vizuri lakini poliesta juu ya epoksi sio ya kutegemea hivyo. Amini zilizobaki kwenye epoksi zinaweza kuizuia isiive pale zinapogusana, ukakuta juu ni ngumu na chini bado laini. Wapo waliofanikiwa kwa kuacha epoksi iive kabisa, kuiosha na kuisugua vizuri, ila ni njia yenye masharti na ukikosea inatoka kama ganda. Pia kuipaka juu ya boti iliyokwisha kujengwa, sio kwenye moldi, inahitaji kuongezewa nta ili uso ukauke, halafu inatoka na mabonde mabonde, unasugua siku nzima mpaka ipate usawa. Mvuke wake ni mkali na katalisti ikiruka jichoni ni hatari kubwa, miwani lazima.

Arusha unaipata kwa wauzaji wa vifaa vya faiba, bei sio mbaya kwa kilo ila unatumia nyingi kwasababu inapakwa nene.

Inamfaa mwenye boti ya poliesta, au anayejenga kwa moldi boti nyingi za aina moja. Mwenye mtumbwi mmoja wa plaiwudi na epoksi ana njia rahisi kuliko hii.

Mambo mawili ambayo yanagusa zote

Rangi yenyewe, namaanisha nyeupe au nyeusi. Epoksi nyingi za kukauka kwa joto la kawaida zinaanza kulainika kwenye nyuzi joto 50 hadi 60 hivi, na uso mweusi au bluu iliyokolea juani unapita hapo mchana. Ndo maana boti za rangi za giza zinaanza kuonyesha vifumo vya faiba juu ya rangi baada ya muda, hata kama ulizisugua zikawa kioo. Nyeupe, krimu, kijivu cheupe, bluu ya anga, hizo ni salama. Mwenye kutaka rangi ya giza aiweke mstari mwembamba chini ya ukingo.

Na habari ya rangi ya sumu ya kuzuia viumbe wa majini kushika kwenye tumbo la boti, ambayo watu wa bahari wanaiongelea sana: kama boti inatolewa majini kila siku huna sababu ya kuinunua, na kwenye ziwa dogo kama Duluti sioni haki ya kuingizia shaba, ambayo ndo sumu ya rangi hizo nyingi, kwenye maji ambayo hayana mkondo wa kuyasafisha.

Muda wa kupaka, epuka masika ya mwezi wa tatu hadi wa tano. Januari na Februari ni safi. Agosti hadi Oktoba pia panafaa ila upepo na vumbi, mwagia maji chini eneo la kazi, anza umande ukishakauka kama saa tatu hivi na umalize kabla upepo wa mchana haujaanza.

Kwa hali yako

Boti ya kuvulia Nyumba ya Mungu, inaburuzwa kwenye mchanga na mawe kila siku, inalala nje: hapa mimi ningeongeza kwanza ukanda wa faiba na epoksi kwenye mkuku, halafu rangi ya mafuta nyeupe juu ya praima, kopo moja libaki nyumbani kwa marekebisho. Mwenye mtaji kidogo na fundi wa karibu aende 2K kwa nje na rangi ya mafuta kwa ndani, ambako miguu na nyavu zinachubua kila siku.

Mitumbwi ya watalii Momella au Duluti, mingi kwa mpigo, inatakiwa ionekane vizuri na kampuni ina gereji yake: 2K, rangi moja tu kwa mitumbwi yote ili kopo moja litengeneze yoyote. Kwa magadi ya Momella isuuzwe ikitoka majini, hata kama ni 2K, hasa viungo na skrubu.

Kayaki ya mbao uliyoijenga mwenyewe kwa miezi, unaitoa wikiendi, inalala bandani: vanishi ya nje yenye kinga ya UV, weka kwenye kalenda mwezi wa kuirudia. Ukiona huna uhakika wa kurudia kila mwaka, paka rangi tumboni na ubavuni na uache vanishi kwenye dari ya juu tu, mbao itaonekana pale unapokaa na eneo la kuhudumia linakuwa dogo.

Mtumbwi wa watoto au wa mazoezi wa kukaa chini ya paa, hela ni ndogo sana: hata rangi ya maji ya nje ya akriliki juu ya epoksi iliyosuguliwa inazuia jua. Ni laini, itachubuka na kunata kwenye vitu, lakini haina harufu na watoto wanaweza kushika brashi wenyewe.

Boti uliyonunua imetumika na hujui ni epoksi au poliesta, na aliyeijenga humpati: acha jelikoti, praima ya epoksi ya 2K inashika kwenye zote mbili ukisugua vizuri, na juu yake unaweka 2K. Jaribu kwanza kiraka, kikikaa wiki kikate alama ya X kwa wembe, bandika tepu ya nguvu juu yake, ivute kwa haraka uangalie kama imetoka na rangi.